Ushirika Mtakatifu, Pasaka ya Wayahudi na ile ishu ya kunywa damu

Swali la msomaji: "Shalom mwalimu. Kanisani kwetu tumefundishwa kwamba Meza ya Bwana ni ile Pasaka ya Wayahudi, ila Yesu aliibadilisha kidogo, na juzi mchungaji ametuandalia meza ya seda, yaani kile chakula cha ibada cha Wayahudi cha usiku wa Pasaka, yenye mikate mitatu akasema ile mitatu ni Utatu. Mwenzangu kazini anabisha. Anasema Myahudi hawezi kutamka 'kunyweni damu yangu' maana damu kwao ni mwiko, kwa hiyo hii ibada ilitoka kwa wapagani. Nani yuko sahihi? Na je mkate uwe na chachu au usiwe nayo?"

Shalom dada, asante kwa swali, hapo umeuliza maswali kama manne kwa mpigo kwa hiyo vumilia, jibu litakuwa refu.

Niseme mapema msimamo wangu. Mchungaji wako yuko sahihi kwamba mizizi ni ya Kiyahudi, tatizo ni kwamba ameibana yote kwenye Pasaka peke yake, halafu ameichukua Pasaka ya Wayahudi wa leo kana kwamba ndo ile ya siku za Yesu. Mwenzako naye yuko sahihi kwamba damu ni mwiko, sio kidogo, ila alipokimbilia kwa wapagani hapo kapotea, maana jibu la hiyo damu liko humohumo kwenye Torati na manabii, hakuna haja ya kwenda mbali.

Tuanze na Pasaka ilivyokuwa Hekalu likiwa bado limesimama. Watu wakisikia Pasaka ya Kiyahudi wanawaza meza ya nyumbani, mishumaa, sahani yenye vitu vitu, watoto wanauliza maswali. Wakati wa Yesu kitu kikubwa kilikuwa ni mnyama. Tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, mchana ukielekea jioni, watu wanapanda Hekaluni na wanakondoo wao. Mishna, yaani ule mkusanyiko wa mafundisho ya marabi uliowekwa pamoja mnamo mwaka 200 BK, inaeleza zoezi zima kwenye sehemu inayoitwa Pesachim, na ukisoma unaona kabisa kama uko pale. Watu wanaingizwa kwa makundi matatu, milango ya ua inafungwa, pembe inapigwa, makuhani wamejipanga mistari, mstari mmoja wameshika mabakuli ya fedha na mwingine ya dhahabu, na yale mabakuli hayakuwa na kitako bapa, makusudi, ili kuhani asije akaliweka chini damu ikaganda. Mtu anachinja mwanakondoo wake mwenyewe, kuhani anakinga damu, anampasia mwenzake, naye anampasia anayefuata, mpaka inamfikia aliye karibu na madhabahu anaimwaga pale chini kwenye msingi wake. Muda wote huo inaimbwa Haleli, yaani Zaburi 113 mpaka 118. Baada ya hapo watu wanaondoka na nyama, inachomwa kwa moto kwenye kijiti cha mkomamanga, inaliwa usiku uleule ndani ya Yerusalemu na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu kama Kutoka 12 inavyosema, na hakuna kuvunja mfupa.

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyohiyo ya kwanza, anasema wanyama waliochinjwa kwenye Pasaka moja walifika 255,600 na kwamba kila mnyama aliliwa na kundi la watu wasiopungua kumi. Wasomi wengi wanaona hapo katia chumvi, na mimi naona hivyohivyo, ila picha unaipata, ni mji umefurika watu mpaka unatapika na harufu ya nyama ya kuchoma kila kona.

Sasa mwaka 70 BK Warumi wakalichoma Hekalu. Hakuna tena madhabahu, hakuna mwanakondoo wa Pasaka. Wayahudi ikabidi wajiulize tunaitunzaje sikukuu ambayo kiini chake hakipo tena, na hapo ndo chakula cha nyumbani chenye maelezo, maswali na vikombe vinne kilipobeba uzito wote. Rabani Gamalieli, mmoja wa wakuu wa marabi, kwenye Mishna anasema asiyetaja vitu vitatu usiku wa Pasaka hajatimiza wajibu wake: mwanakondoo, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Angalia hapo, mwanakondoo *anatajwa*, maana haliwi tena. Baadhi ya mambo ya seda yana mizizi ya zamani kuliko mwaka 70, lakini mpangilio wote kama ulivyo leo umejengeka polepole baada ya hapo, na vipande vingine ni vya karne za kati kabisa. Ule utaratibu wa kuvunja mkate wa katikati na kuficha nusu yake ni mojawapo. Na ile mikate mitatu ina maelezo yake ya kawaida tu: sikukuu na sabato Myahudi anabariki juu ya mikate miwili mizima, kumbukumbu ya mana iliyoshuka maradufu siku ya sita, halafu usiku wa Pasaka unaongezwa mmoja wa kuvunjwa kwa sababu ni mkate wa mateso, mkate wa maskini. Utatu haumo. Mkristo akiamua kuona Utatu pale ni tafakari yake, mimi simzuii kutafakari, ila asiwaambie watu kwamba Yesu aliishika ile mikate mitatu mezani, hatuna chochote kinachoonyesha hivyo.

Basi tuna nini cha uhakika kuhusu ule usiku? Andiko la zamani kuliko yote ni la Paulo, 1 Wakorintho 11, liliandikwa kama mwaka 54 hivi, kabla hata Injili hazijaandikwa, na yeye mwenyewe anasema ni jambo alilolipokea ndipo akawakabidhi. Anasema Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akasema maneno yake, kisha *baada ya kula* akafanya hivyohivyo na kikombe. Marko na Mathayo wanakubaliana naye kwa sehemu kubwa, Luka anataja vikombe viwili, kimoja kabla ya mkate na kingine baada ya chakula. Walikuwa wameegemea ubavu, sio wamekaa kwenye viti upande mmoja wa meza ndefu kama Leonardo da Vinci alivyochora, na kuegemea ndo staili ya mtu huru, Mishna inasisitiza hata maskini wa mwisho katika Israeli asile usiku wa Pasaka mpaka ameegemea. Wakamaliza kwa kuimba, Marko 14:26.

Hapo kwenye wimbo nisimame kidogo. Kama kilikuwa chakula cha Pasaka basi wimbo wa kumalizia ulikuwa ni sehemu ya mwisho ya Haleli, maana sehemu ya kwanza inaimbwa kabla ya kula na iliyobaki baada. Fungua Biblia yako Zaburi 115 mpaka 118 usome ukiwa unajua anayeimba atakamatwa baada ya saa chache. "Nitakipokea kikombe cha wokovu", hiyo ni 116:13. "Jiwe walilolikataa waashi limekuwa jiwe kuu la pembeni", 118:22. "Sitakufa bali nitaishi", 118:17. Mi kila nikifundisha sehemu hii wanafunzi wananyamaza, na siwalaumu.

Nimesema "kama" kwa sababu kuna mgongano unaojulikana. Mathayo, Marko na Luka wanakiita chakula cha Pasaka moja kwa moja. Yohana anasema asubuhi ya kusulubiwa viongozi walikuwa bado hawajala Pasaka, hawakutaka kuingia kwenye nyumba ya Pilato wasije wakanajisika (18:28), na 19:14 anasema ilikuwa Maandalio ya Pasaka. Kwa Yohana basi Yesu anakufa siku ileile wanakondoo wanachinjwa Hekaluni, na ndo maana anakumbushia habari ya mfupa kutovunjwa. Wapo waliojaribu kupatanisha kwa kusema kulikuwa na kalenda mbili, mtafiti Mfaransa Annie Jaubert aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1957 akitumia kalenda iliyojulikana kutoka magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani zile hati za kale za Kiyahudi. Hoja yake inavutia ila mimi haijanishawishi, hakuna Injili inayodokeza kwamba Yesu na wanafunzi walifuata kalenda tofauti na ya Hekalu. Ninachoweza kukuambia kwa ujasiri ni kwamba iwe ni usiku wenyewe au usiku mmoja kabla, meza ile ilikuwa ndani ya Pasaka kabisa, mji mzima ulikuwa unawaza kutoka Misri, na Paulo anasema wazi Kristo ndiye Pasaka wetu (1 Wakorintho 5:7).

Lakini sasa jiulize hili. Kama Meza ya Bwana ingekuwa ni Pasaka iliyobadilishwa tu, Wakristo wa kwanza wangeifanya mara moja kwa mwaka, tena wangekula mwanakondoo. Hawakufanya hivyo. Matendo 2 wanamega mkate nyumba kwa nyumba, Matendo 20:7 kule Troa wanakusanyika siku ya kwanza ya juma kumega mkate. Na masimulizi yenyewe ya karamu ya mwisho hayamtaji mwanakondoo akiliwa hata sehemu moja! Yesu hakuchukua kile kinacholiwa mara moja kwa mwaka, alichukua mkate na kikombe, vitu ambavyo Myahudi alivibariki mezani wiki nzima, mwaka mzima. Kwa hiyo kuna mzizi wa pili, na kwangu mimi huu ndo unaosahaulika kuliko wote, nao ni baraka ya mezani.

Mkuu wa meza anauchukua mkate, anasema "Umebarikiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, utoaye mkate katika nchi", anaumega, anakula kipande, anawagawia wengine. Hapo ndo chakula kimefunguliwa. Cheki maneno ya Injili: akautwaa, akabariki, akaumega, akawapa. Ni hatua zilezile, na ndo zilezile za kwenye kulisha watu elfu tano, na ndo zilezile za Emau ambapo wale wawili wanamtambua katika kuumega mkate. Anayebarikiwa pale ni Mungu mwenyewe, mkate unapokelewa kwa shukrani. Halafu chakula kikiisha inakuja baraka ndefu zaidi, hii imejengwa juu ya Kumbukumbu la Torati 8:10, ukila ukashiba umshukuru Bwana, na kwenye meza ya heshima inasomwa juu ya kikombe cha divai. Hicho kikombe kina jina lake, kikombe cha baraka. Paulo anaposema "Kikombe kile cha baraka tukibarikicho, je! si ushirika wa damu ya Kristo?" (1 Wakorintho 10:16) hakubuni msemo, ametumia jina la kikombe ambacho kila Myahudi alikijua, na ndo kikombe kinachokuja baada ya kula, sawasawa na alivyoeleza sura ya 11.

Ushahidi mwingine ni Didake, kitabu kidogo cha maelekezo ya kanisa cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kilipotea karne nyingi mpaka askofu Philotheos Bryennios alipokikuta Constantinople mwaka 1873 na kukichapisha 1883. Sura ya 9 na 10 zina sala za kikombe na mkate, na ukiziweka pembeni ya baraka za Kiyahudi za mezani unaona ni watoto wa nyumba moja. Wanamshukuru Baba kwa ajili ya "mzabibu mtakatifu wa Daudi mtumishi wako", wanaomba kwamba kama mkate huu ulivyokuwa nafaka iliyotawanyika juu ya milima ikakusanywa ikawa kitu kimoja, basi Kanisa nalo likusanywe toka miisho ya dunia. Wayahudi katika baraka yao ya baada ya kula wanashukuru kwa chakula, wanashukuru kwa nchi, wanaiombea Yerusalemu. Wakristo wa Didake wanashukuru kwa Jina takatifu, wanashukuru kwa chakula na kinywaji, wanaliombea Kanisa.

Kama wewe au jamaa zako mnasali Katoliki, hii utaisikia misa yoyote kama ukitega sikio. Padre akiinua mkate wakati wa vipaji anamhimidi Mungu wa viumbe vyote kwa ajili ya mkate huu, zao la ardhi na kazi ya mikono ya wanadamu. Sala hiyo iliingizwa kwenye misale, yaani kitabu cha sala za misa, iliyotoka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano na imetengenezwa kwa mtindo wa baraka ya Kiyahudi. Na lile tone la maji analotia kwenye divai nalo ni la kale sana, watu wa dunia ile hawakunywa divai tupu bila maji, Mishna yenyewe ikiongelea vikombe vya Pasaka inasema "wakamchanganyia kikombe". Justin Martyr, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, akiwa Roma mnamo mwaka 155, anaeleza ibada ya Jumapili kwa kumwandikia mfalme: masomo, mahubiri, mkate, divai na maji, kiongozi anashukuru kadiri awezavyo, watu wanaitika Amina, mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Hata hiyo Amina ni ya sinagogi. "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" ni Isaya 6, na Wayahudi wanayo kwenye sala yao mpaka leo.

Haya, sasa damu, maana najua ndo iliyokukosesha usingizi.

Mwenzako anasema kweli kwamba Myahudi hanywi damu. Mwanzo 9:4 Nuhu anakatazwa, Walawi 17 inasema mtu akila damu atakatiliwa mbali na watu wake, mpaka leo nyama ya Kiyahudi inalowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke. Na usidhani wanafunzi hawakushtuka, Yohana 6 Yesu alipoongea habari za kula mwili wake na kunywa damu yake wengi walisema "Neno hili ni gumu" na wakaacha kabisa kuandamana naye. Kwa hiyo ugumu upo, tusiufunike.

Ila soma *sababu* ya katazo. Walawi 17:11, uhai wa mwili u katika hiyo damu, "nami nimewapa ninyi hiyo damu juu ya madhabahu, ili kufanya upatanisho kwa ajili ya nafsi zenu". Damu haijakatazwa kwa sababu ni uchafu, imekatazwa kwa sababu ni uhai, na uhai ni mali ya Mungu, mwanadamu hana ruhusa ya kujichukulia. Mungu ndiye mwenye uwezo wa kuutoa, na hapo anasema ameutoa, kwa upatanisho. Sasa mtu anayejua Walawi 17 kichwani anamsikia Yesu anasema damu yake inamwagika kwa ajili ya wengi, anayasikia maneno ya madhabahu. Hajifunzi kitu kigeni kutoka kwa wapagani, anasikia Torati inaguswa pale palipo na uzito kuliko kote.

Halafu kuna Kutoka 24, na kama utasoma andiko moja tu baada ya jibu hili naomba liwe hili. Musa amejenga madhabahu chini ya Sinai, vijana wamechinja ng'ombe, Musa anachukua nusu ya damu anaitia kwenye mabakuli, nusu anainyunyiza juu ya madhabahu. Anasoma kitabu cha agano, watu wanasema tutatii. Anachukua ile iliyobaki anawanyunyizia watu anasema, "Hii ndiyo damu ya agano". Damu ileile iko upande wa Mungu na upande wa watu, wamefungwa pamoja. Kinachofuata watu wanakiruka, mstari wa 9 mpaka 11: Musa, Haruni, Nadabu, Abihu na wazee 70 wanapanda mlimani, wanamwona Mungu wa Israeli, na wanakula na kunywa. Agano limefungwa kwa damu, limemalizikia mezani mbele za Mungu. Yesu kwa Mathayo na Marko anasema "damu yangu ya agano", maneno ya Musa yaleyale akiyaongezea "yangu", na kwa Paulo na Luka anasema kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu, hapo kaunganisha na Yeremia 31:31. Hakuna Myahudi wa chumba kile aliyehitaji kuelezwa anazungumzia nini.

Na kuna kisa cha Daudi, 2 Samweli 23, ambacho sioni kikitumika makanisani na kinasaidia sana. Daudi ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Wafilisti wamekaa hapo. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya jeshi, wanateka maji, wanamletea. Daudi anakataa kuyanywa, anayamimina mbele za Bwana, anauliza ninywe damu ya watu hawa waliohatarisha nafsi zao? Ni maji. Lakini kwa lugha ya Biblia kinywaji kilichopatikana kwa mtu kuutoa uhai wake kinaitwa damu yake. Daudi alikataa kwa sababu yeye hakustahili kunywa uhai wa watu wake, na Mwana wa Daudi anafanya kinyume chake kabisa, yeye ndiye anautoa uhai wake na anawaambia watu wake wanywe. Siwezi kusoma hizo sehemu mbili pamoja nikabaki vilevile.

Kitu kingine, Matendo 15 mitume walipokaa Yerusalemu wakaamua mambo ya kuwaambia watu wa Mataifa walioamini, mojawapo ilikuwa wajiepushe na damu. Watu walewale, miaka ileile, wanakunywa kikombe cha Bwana. Maana yake wao hawakuona kwamba kikombe kinavunja lile katazo. Walichokunywa mdomoni ni divai, ambayo Torati yenyewe inaiita damu ya zabibu (Mwanzo 49:11).

Kuhusu wapagani, mara nyingi anayetajwa ni mungu wao aitwaye Mithra. Ushahidi wa ibada yake ndani ya Dola ya Roma tunaanza kuuona mwishoni mwa karne ya kwanza, wakati Paulo aliandika barua yake miaka mingi kabla akisema ni jambo alilopokea. Justin anataja kwamba watu wa Mithra walikuwa na mkate na kikombe cha maji kwenye ibada yao, na kufanana huko kulimkera. Kwamba wapagani nao walikula pamoja mbele za miungu yao ni kweli, Paulo analijua hilo vizuri na ndo maana anawaambia Wakorintho hawawezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Ila mfano anaoutumia kueleza meza ya Bwana ni Israeli wanaokula dhabihu na kushirikiana na madhabahu.

Kuna neno "ukumbusho" pia, watu wanalichukulia kama kumkumbuka marehemu. Kwenye Pasaka sio hivyo. Kutoka 13:8 baba anamwambia mwanawe ni kwa sababu ya hayo Bwana aliyonifanyia *mimi* hapo nilipotoka Misri, na Mishna inasema kila kizazi mtu ajione kama yeye mwenyewe ametoka Misri. Anayekula yumo ndani ya tukio. Wakristo baadaye wamegawanyika vibaya sana juu ya nini hasa kinatokea kwenye mkate na divai, Wakatoliki na Waorthodoksi wana lao, Walutheri lao, na mwaka 1529 kule Marburg Luther aliandika kwa chaki juu ya meza "Huu ndio mwili wangu" akagoma kusogea hata hatua moja mbele ya Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, wakaachana hivyohivyo. Sitakuingiza huko leo. Nasema tu kwamba anayeifanya Meza ya Bwana kuwa kumbukumbu ya kichwani tu ana deni la kuijibu ile Kutoka 13:8.

Kuhusu kuandaa seda kanisani, nia najua ni njema na mchungaji wako usimvunjie heshima, ongea naye pembeni. Mi naona ni bora kuliacha. Ile ni sala ya watu walio hai, wanaisali mpaka leo, na tukiichukua na kuibandika maana zetu kila kitu tunawafanya kama hawapo. Na kuna historia ya kutisha hapo ambayo Wakristo wengi hawaifahamu. Kuanzia karne ya 12 kule Ulaya, ikianzia kifo cha kijana mmoja wa Norwich, Uingereza, mwaka 1144, Wayahudi walizushiwa kwamba wanaua watoto wa Kikristo, na uzushi ukakua mpaka ikawa wanatia damu kwenye mikate ya Pasaka. Watu ambao sheria yao inawakataza hata damu ya kuku! Mwaka 1298 kule Röttingen, Ujerumani, walizushiwa kwamba wameinajisi hostia, yaani mkate wa ushirika, na mauaji yakasambaa mji hadi mji. Papa Innocent IV alikuwa ameshaukemea ule uzushi wa damu mwaka 1247 na bado haukukoma. Yaani meza iliyotoka kwa Wayahudi ikatumika kuwachinja Wayahudi. Kwa hiyo ukipata jirani au rafiki Myahudi akakualika mezani kwake usiku wa Pasaka, nenda kama mgeni, sikiliza, kula, uliza. Kanisani fundisheni Kutoka 12 na 24 na Walawi 17 vizuri, inatosha kabisa.

Mwisho, chachu. Kama ilikuwa Pasaka yenyewe basi mkate haukuwa na chachu, ukimfuata Yohana inawezekana ulikuwa wa kawaida, na hapo ndo Makanisa ya Magharibi na Mashariki yalipotofautiana: Wakatoliki wanatumia usiotiwa chachu, Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki wanatumia uliotiwa, na ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mfarakano wa 1054. Hata ile sadaka ya shukrani ya Walawi 7 ilikuwa na mikate ya aina zote mbili, isiyo na chachu na yenye chachu pembeni yake. Kwa hiyo mfuate utaratibu wa kanisa lako kwa amani. Vilevile juisi ya zabibu badala ya divai, hiyo ni ya juzi tu, Thomas Welch, daktari wa meno Mmethodisti wa New Jersey, mwaka 1869 alifanikiwa kuchemsha juisi ikakaa bila kuchacha, akiwa na nia ya kanisa lake kuitumia mezani, na makanisa mengi ya Kiprotestanti yakaifuata. Kama una swali la ziada kuhusu Kutoka 24 uniandikie, hilo nitalijibu peke yake.